Swali la Tisa

"Swali la tisa," Lydiah alisema, akibana kijitabu kwa kidole gumba ili upepo usimpotezee ukurasa. "Je, yuko mtu uliyemkosea na hujatengeneza naye?"

Kutoka ndani ya pipa hakukuja jibu. Zilisikika kokoto tu, zikizunguka na kukwaruza plastiki, kisha zikanyamaza. Mzee Muturi alikuwa ameingia pipani hadi kiunoni, na gambuti zake zilichungulia nje kama za mtu aliyemezwa nusu.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia, mwalimu."

"Basi jibu."

Kokoto zikaanza tena kuzunguka.

Lydiah alishusha pumzi. Maswali ya ubatizo yalikuwa kumi na saba, na Muturi, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameyashika yote kwa masikio. La kwanza hadi la nane aliyajibu bila kusita. La kumi na kuendelea aliyajibu huku akifunga mifuniko. Lakini kila walipofika hili la tisa, ulimi wake uligoma. Mara tano juma hili, mara tano kimya.

Lydiah aliamini anaijua shida hiyo. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la ngumbaru lililokutana jioni kwenye shule moja hapa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda wa Nairobi, akikaa kwenye dawati lililotengenezewa magoti ya watoto. Alikuwa akitoka kiwandani, ambako alishona magunia kutwa nzima, na vidole vyake vikikataa kushika penseli. Herufi alizoziona jana zilimjia leo kama wageni. Mwalimu wake alimwambia kichwa kinachoanza kujifunza ukubwani hakina kasoro, kinataka tu kurudiwa. Akarudia. Siku aliposoma mstari wa kwanza wa Injili bila kusaidiwa, alilia mbele ya darasa, na hakuna aliyemcheka.

Kwa hiyo alimhurumia Muturi, akamsaidia kwa njia aliyosaidiwa nayo.

"Hili jibu lake ni fupi kuliko yote, mzee. Ni neno moja. Hayuko. Hebu sema: hayuko."

"Hayuko," Muturi alisema ndani ya pipa, na pipa likalirudisha neno hilo zito, la chini, kana kwamba kuna mtu mwingine mle ndani.

"Tena."

"Hayuko."

"Umeona? Tena mara moja."

Mara hii hakusema. Gambuti zilirudi nyuma, kiuno kikatoka, kisha mabega, kisha kichwa chenye mvi kilicholowa povu. Alisimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akamtazama Lydiah.

"Mwalimu," alisema, "huyo mtu yuko."

Uwanja wa mapipa ulikuwa kipande cha ardhi kati ya ukuta wa kiwanda na safu ya nyumba za mabati. Mapipa yaliletwa hapo na mikokoteni kutoka viwanda vya Industrial Area, ya buluu na meupe na machache meusi. Kazi ya Muturi kwa miaka ishirini na sita ilikuwa kuyaosha: maji ya moto, soda kali ya kuoshea, kokoto, kulibingirisha pipa, kulisimamisha, kuingia ndani na burashi. Kisha alitumbukiza kichwa, akafumba macho, akanusa. Pua yake ilijua kuliko karatasi zilizobandikwa ubavuni. Pipa lililokuja na sharubati au mafuta ya kupikia liliuzwa la kuwekea maji. Lililokuja na rangi, gundi au dawa alilikata kwa msumeno katikati, ili asije mtu akalitumia vibaya. Kila mtu kwa Reuben alijua hivyo. Ukitaka pipa la maji ya kunywa, uliambiwa nenda kwa mzee Muturi, huyo hawezi kukuua.

Lydiah alimpata hapo miaka mitatu iliyopita. Kanisa lao dogo lilikuwa limemtuma kufungua kituo, yaani chumba kimoja cha mabati chenye mabenchi sita, na kila siku alipopita akienda kutembelea watu alisalimia uwanjani na kusoma mistari miwili mitatu. Sauti moja ilimjibu kutoka ndani ya pipa: "Endelea, mama, nasikia." Akasoma hivyo karibu mwaka mzima kabla hajaujua vizuri uso wa mwenye sauti. Siku moja uso ukatoka na kuuliza, "Huyo mtu aliyeoshwa mara saba mtoni, alikuwa na ugonjwa gani?" Lydiah alikwenda nyumbani akicheka na kumshukuru Mungu njia nzima.

Sasa Muturi angekuwa wa kwanza kubatizwa kituoni. Wengine walikuja wakaondoka. Wengine walikuwa wamebatizwa kwingine. Huyu alikuwa wake, aliyemwandaa mwenyewe toka swali la kwanza. Mchungaji Mbugua alifika kwa Reuben mara nne tu kwa mwaka, na safari hii angekuja Jumapili, kesho kutwa. Lydiah alijua pia yaliyosemwa na wazee wa kanisa alipotumwa: mama mzuri, anaomba sana, lakini amesoma juzi, atafundisha nini.

"Ni nani?" aliuliza.

Muturi aligeuza ndoo, akaikalia.

"Mama Ifrah."

Lydiah aligeuka akatazama upande wa kanisa. Mama Ifrah, jina lake Raho, ndiye mwenye kibanda cha maji na lile tangi kubwa jeusi lililosimama juu ya jukwaa la mawe karibu na kanisa. Juma hilo mifereji ya kwa Reuben ilikuwa mikavu, na tangi la Raho ndilo pekee lililobaki na maji. Alhamisi Lydiah alimwendea, akaeleza, na Raho, Mwislamu asiyekosa swala, alifikiri kidogo akasema, "Mtu akitaka kuoga dhambi zake nimnyime maji? Jumapili asubuhi nitakufungulia mpira wa maji." Kanisa lao lilibatiza kwa kuzamisha mwili mzima. Bila Raho hapakuwa na cha kuzamia.

"Ulimfanya nini?"

"Alipokuja hapa miaka saba iliyopita hakuwa na tangi. Alianza na mapipa mawili, mimi ndiye nilimuuzia." Muturi alitazama viganja vyake, vilivyochunika kwa soda hadi vikawa laini kama karatasi. "Yalikuwa ya gundi, mwalimu. Niliosha mara nne, harufu ikakataa. Nilikuwa na shida zangu siku hizo. Nikachukua maganda ya machungwa, nikayasugua ndani mpaka yakanukia. Nikamwambia yalikuwa ya sharubati."

Lydiah alikumbuka. Kila mtu alikumbuka. Watu walitapika, watoto na wakubwa, na mama mzazi wa Raho mwenyewe alilala juma zima. Wanawake walikuja wakayapindua yale mapipa njiani, wakamwita muuza sumu. Ilimchukua zaidi ya mwaka kupata tena mtu wa kumnunulia mtungi mmoja.

"Na tangu hapo nayakata yote," Muturi alisema. "Lakini kumwambia, sijamwambia."

Pikipiki ilipita nje na kuacha vumbi. Lydiah alifunga kijitabu. Maneno aliyoyasema hapo aliyajutia baadaye, lakini aliyasema, tena kwa sauti ya upole kabisa.

"Mzee, hilo ni jambo zito, na umefanya vizuri kulisema. Lakini Mungu anaujua moyo wako. Tumalize ubatizo Jumapili. Jumatatu asubuhi nitakusindikiza mwenyewe kwa Mama Ifrah."

Muturi aliinamisha kichwa, akawaza.

"Nikuletee pipa la gundi, mwalimu," alisema mwishowe, "nikwambie leo chota tu maji ya kunywa, Jumatatu nitaliosha. Utachota?"

Lydiah alikibana kijitabu kwapani. Aliaga, akaenda zake.

Lydiah alikuwa na desturi ya kushukuru mambo matatu kabla ya kuomba lolote. Jioni hiyo, jua likiwa bado linaingia kwenye matundu ya mabati, alipiga magoti kando ya kitanda chake. Alishukuru kwa afya. Alishukuru kwa macho yanayosoma. La tatu alitaka kushukuru kwa maji ya Jumapili, lakini akaacha katikati, maana aliona waziwazi alichokuwa akikifanya juma zima. Mtu alisimama mbele ya swali akiwa na jibu la kweli, naye akamkaririsha uongo, mara moja, mara mbili, tena mara moja, akidhani anamponya usahaulifu. Na leo, baada ya kujua, akamwomba aubebe uongo huo mpaka ndani ya maji.

Jua likazama naye bado yuko magotini. Kisha akasema, "Asante kwa mzee Muturi." Hilo likawa la tatu.

Asubuhi ya Jumamosi alimkuta tayari yuko njiani, amevaa shati safi, gambuti amezivua.

"Nilikuwa nakuja kukuita," Lydiah alisema.

"Nami nilikuwa naenda bila kukuita," Muturi alisema. "Nilifikiri umenikasirikia."

"Nimejikasirikia mimi. Twende."

Kwenye kibanda kulikuwa na foleni ya mitungi ya njano, iliyopangwa kwa mstari huku wenyewe wamesimama kando wakipiga soga. Raho alikaa kwenye kigoda chake, mkono juu ya mfereji, akijaza bila kutazama. Masikio yake yalijua mtungi umefika wapi. Upande wa pili wa njia, hatua nne hivi, Khawla alikuwa akigeuza viazi kwenye karai la mafuta. Khawla alizaliwa Majengo, Pumwani, akahamia huku alipoolewa, na viazi vyake na mahamri yake viliwapeleka watu viwandani kila asubuhi. Wanawake hawa wawili walitazamana kutwa, mwaka baada ya mwaka, na hawakusalimiana. Zamani walikuwa marafiki. Hakuna aliyewahi kueleza vizuri kilichoingia kati yao.

"Niaje, mzee," kijana mmoja wa foleni alisema. "Leo umeoga mpaka tunakusahau."

"Poa, kijana wangu," Muturi alisema, akapita mbele. "Mama Ifrah, nina neno na wewe."

"Sema, mzee. Mimi nasikia hata maji yakilia."

"Tungeenda kando."

"Kando wapi? Nikiondoka hapa hawa wataninywea tangi. Sema."

Muturi alimtazama Lydiah. Lydiah hakumsaidia, alisimama tu karibu naye, bega kwa bega. Basi akasema, palepale, mbele ya mitungi na wenye mitungi. Alisema gundi. Alisema maganda ya machungwa. Alisema watu waliotapika, na mama yake Raho, na kwamba hakuna mwingine aliyehusika, ni yeye, Muturi, mkono wake huu.

Maji yalifika shingoni mwa mtungi, yakafika mdomoni, yakaanza kumwagika. Yalitiririka juu ya viatu vya Raho, yakafanya njia kwenye vumbi, na Raho hakufunga mfereji. Watu wa foleni waliona hilo wakaacha soga. Hawakuwa wamewahi kuona maji yakimwagika mahali pale.

Ni Lydiah aliyeinama akaufunga.

"Machungwa," Raho alisema polepole. "Niliingiza kichwa nikasema, haya yananukia vizuri. Nikakushukuru."

"Ulinishukuru."

"Na mimi miaka saba…" Alitazama ng'ambo ya njia. "Mapipa yale yalikuwa na kufuli. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja wangu." Alionyesha karai la viazi kwa kidevu. "Wa pili nilimpa yule, anifungulie wakati wa swala. Watu walipougua nikasema ni nani mwingine. Nikamwambia usoni pake: umenitilia kitu kwa wivu. Akaniapia. Sikumsikiliza."

Muturi aligeuka, akamtazama Khawla. Hili hakulijua. Alikuja akidhani anaibeba hesabu yake yote, kumbe nusu yake ilikuwa imekaa ng'ambo ya njia ikikaanga viazi.

Raho alisimama. "Nimefunga," aliwaambia watu wa foleni. Wengine walianza kunung'unika, mama mmoja akasema watoto wake hawajanywa chai, lakini Raho alikuwa ameshavuka.

Khawla hakuinua macho. "Viazi au mahamri?" aliuliza, kama anavyouliza kila mtu.

Raho alisimama mbele ya karai. Mabega yake yalipanda yakashuka. Lydiah na Muturi, waliobaki kibandani, hawakusikia alichosema, wala kama alisema. Waliona tu Khawla akisita, kijiko chenye matundu kikiwa hewani na mafuta yakidondoka. Wakaona akiinua uso. Walitazamana hivyo mpaka viazi vikaanza kuungua. Kisha Khawla akavuta benchi dogo kutoka chini ya meza, akalipangusa kwa leso, akalisogeza upande wa Raho.

Raho hakukaa. Alifunika uso kwa mtandio, akarudi kibandani, akavuta mlango wa bati, akabana kufuli. Alipompita Muturi alisema bila kumtazama, "Ondoka machoni pangu, mzee," akaenda kwake.

Walirudi hadi kwenye kona ya kanisa.

"Mwalimu, nimekuharibia maji."

"Umeyaharibu kweli," Lydiah alisema. Na kwa mshangao wake mwenyewe akajikuta anacheka, kicheko kidogo kilichochanganyika na machozi, kwa sababu kifua chake kilikuwa chepesi kama hakijawahi kubeba kitu. "Umeyaharibu vizuri. Nenda kapumzike."

Jumapili Mchungaji Mbugua alifika saa tatu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye maumivu ya mgongo, na alibeba gambuti zake ndani ya mfuko wa plastiki. Kina mama wawili wa kanisa walikuwa wamesaidiana na Lydiah kulaza mabenchi ubavu nje ya mlango, manne yakafanya umbo la sanduku refu, na juu yake wakatandika turubai la lori lililoazimwa kwa fundi, wakalikunja pembeni na kulikandamiza kwa mawe. Sanduku lilikuwa tayari. Ndani yake mlikuwa na nzi mmoja.

"Maji yako wapi, Lydiah?" mchungaji aliuliza.

"Sijui, Mchungaji."

"Hujui?"

"Nilikuwa nayo. Sasa sijui."

Akamweleza yote, kuanzia kokoto hadi kufuli, na hakuiruka ile sehemu ya Jumatatu. Mchungaji alisikiliza akisugua mgongo. Alitazama saa. Saa sita alitakiwa kwa Njenga, mtaa wa jirani, na akitoka hapo hangerudi kwa Reuben hadi baada ya miezi mitatu. Alimtazama Muturi aliyeketi kwenye jiwe, amevaa joho jeupe lililomfika nusu ya miguu, akikohoa kile kikohozi kikavu cha miaka ishirini na sita ya soda.

"Miezi mitatu si mingi kwa kijana," mchungaji alisema kwa sauti ya chini. "Tuimbe kwanza."

Waliimba. Wimbo ulikuwa na beti tano. Wakazimaliza, wakarudia ule wa kwanza. Watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama sanduku la turubai. Mmoja aliuliza kama kuna maziko.

Halafu sauti ya mwanamke ilisikika nyuma ya nyumba, ikigombana na kitu. "Huu mpira una roho mbaya. Hebu nipisheni, nipisheni wanangu, msiukanyage." Khawla alitokea kwenye kona, leso ameifunga kiunoni, akivuta mpira mrefu ulioungwa vipande vitatu kwa tairi za ndani. Aliburuta mwisho wake hadi kwenye turubai, akautupa ndani, akaweka mguu juu yake usiruke. Kisha akageuka, akaiita njia nzima.

"Fungua, Raho. Fungua mpaka mwisho."

Na kutoka kibandani Raho akamjibu, "Nimefungua, Khawla, shika vizuri."

Foleni yote iligeuza vichwa. Watu wazima waliokaa pale miaka saba waliangaliana, kwa sababu majina hayo mawili hawakuwa wameyasikia yakiitwa na vinywa hivyo.

Mpira ulitikisika, ukakohoa hewa, ukatema kutu kidogo, kisha maji yakaja. Kwenye viungo vya mpira yaliruka membamba kama nywele. Lydiah alisimama akiyatazama yakitambaa kwenye mikunjo ya turubai, yakijaza kona, yakipanda, na hakuweza kuimba tena. Alisogeza tu midomo. Asante, ilisema midomo. Asante, asante. Hakuhesabu ni mara ngapi.

Maji yalipofika kimo cha magoti Raho alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya Muturi, mikono kiunoni.

"Sijakusamehe, mzee. Usije ukajidanganya."

"Sijidanganyi, mama."

"Nikikusamehe nitakuja nikwambie kwa mdomo wangu. Maji haya ni ya Lydiah, nilimwahidi, na mimi siwahadai watu." Alinusa hewa. "Na ukitoka humo usije ukauza hilo turubai ukisema lilikuwa na sharubati."

Khawla aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa leso. Muturi hakujua kama anaruhusiwa kucheka, akatazama miguu yake. Raho alirudi nyuma, akasimama kando ya Khawla, na hakuondoka.

Mchungaji alivaa gambuti, akaingia majini kwa uangalifu, mkono mgongoni. Muturi akaingia baada yake na kushika pumzi kwa baridi. Maswali yakaanza, na Lydiah alisimama ukingoni na kijitabu, moyo ukimdunda kama siku ile aliposoma mbele ya darasa la ngumbaru. La kwanza. La pili. Muturi alijibu kwa sauti yake ya ndani ya pipa, iliyotoka chini na kufika mbali. La saba. La nane.

"Je, yuko mtu uliyemkosea na hujatengeneza naye?"

Mpira uliendelea kudondosha matone. Muturi alimtazama Lydiah, na Lydiah akafunga kijitabu, akakishusha.

"Wako wawili," Muturi alisema. "Mmoja nilimjua, wa pili nimemjua jana. Wamesimama pale. Sasa wanajua. Bado hawajanisamehe, na wana haki. Nitaendelea kuwaendea."

Mchungaji Mbugua alisubiri kidogo, kana kwamba jibu lina mwisho mwingine. La kwenye kijitabu lilikuwa neno moja. "Nani alikufundisha jibu hili?"

"Mimi nilimfundisha kusema hayuko," Lydiah alisema kabla mzee hajajibu. "Mara nyingi. Hili ni lake mwenyewe."

Watu walingoja. Mchungaji alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. "Nimebatiza watu miaka kumi na tisa," alisema, "na wote waliniambia hayuko." Aliuliza la kumi, na la kumi na moja, hadi la mwisho. Kisha akauweka mkono mmoja chini ya shingo ya Muturi na mwingine juu ya viganja vyake vilivyochunika, akasema maneno, akamlaza nyuma.

Maji yalimfunika. Kwa muda wa pumzi moja lilionekana joho jeupe tu, likielea, na uso wa mzee chini yake, macho wazi. Kisha akatoka, akikohoa na kutiririka, na kina mama wakapiga vigelegele hadi mabati yakaitikia. Khawla naye alipiga kimoja, kirefu na cha Majengo, kisha akamtazama Raho kama mtu aliyesahau yuko wapi.

Wimbo ulipokwisha mchungaji alikunywa chai ya haraka akaondoka. Sanduku la maji likabaki mlangoni, na kwa Reuben hakuna mtu amwagaye maji, hasa juma ambalo mifereji ni mikavu. Mama yule ambaye watoto wake walikosa chai jana alikuwa wa kwanza kuja na ndoo, kwa ajili ya kupiga deki. Nyuma yake akaja mwingine na beseni la nguo. Punde foleni ikawa imezunguka kanisa.

Lydiah alitaka Muturi akabadili nguo. Mzee alikataa. Alipiga magoti ukingoni na joho lake likimgandama, akashika jagi, akaanza kuchota na kujaza ndoo moja baada ya nyingine, akiinama zaidi kadiri maji yalivyoshuka. Hakuna aliyemwomba. Watu walisogea, wakajaziwa, wakasema asante mzee, wakaenda.

Lydiah alikimbia nyumbani akachukua ndoo yake. Aliporudi hakujipenyeza mbele, ingawa wangempisha. Alisimama mwisho wa mstari, akawa anasogea hatua kwa hatua, jua likimpiga utosini.

Mbele yake, watu wawili tu kabla ya turubai, alikuwa Raho, na ndoo mkononi. Mwenye tangi zima. Hakuna aliyemuuliza ni ya kazi gani. Zamu yake ilipofika aliiweka chini mbele ya mzee, akageuza uso upande, kama anatafuta mtu kwenye umati.

Muturi alichota jagi moja, la pili, la tatu. Maji yalikaribia mdomo wa ndoo.

"Punguza kidogo," Raho alisema, bado akitazama pembeni. "Nina mwendo."

Muturi alitumbukiza jagi kwenye ndoo, akapunguza.